Mwanga wa Msituni na Uso wa Mtu Mweusi

Siku za wikendi, kwenye njia nyekundu za Msitu wa Karura jijini Nairobi, huwakosi watu waliokuja kupigwa picha: maharusi, wahitimu waliovaa majoho, wajawazito na waume zao, waimbaji wanaotafuta picha ya kutangazia wimbo mpya. Wengi wao hupewa picha ambazo uso umezama gizani hata macho hayaonekani, au umepauka ukawa wa kijivu, au una mabaka meupe ya jua puani na shavuni. Lawama hutupiwa kamera. Mara nyingine, na hili hunikera kwa dhati, hutupiwa ngozi ya aliyepigwa picha: wewe ni mweusi sana, picha haishiki. Ngozi haina kosa lolote. Kosa ni kutousoma mwanga wa msituni, na sababu mojawapo ya kutousoma ni kwamba mafunzo mengi yanayotufikia kwa njia ya video yametungwa chini ya jua la nchi nyingine na, mara nyingi, kwa nyuso za watu wengine.

Fundi akiingia msituni asilitafute jua. Autafute mwanya wa anga, auone uko upande gani na una ukubwa gani, kisha amgeuze mtu wake auelekee. Mambo mengine yote, kamera ghali kwa rahisi, yanafuata baada ya hapo.

Jua lenyewe kwanza. Video hizo husifu saa moja ya baada ya macheo na saa moja ya kabla ya machweo, jua likiwa chini na mwanga una rangi ya dhahabu. Nairobi iko nyuzi 1 na ushei tu kusini mwa ikweta, na huku jua hupanda karibu wima, kwa kasi ya takribani nyuzi 15 kila saa. Kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6 juu yake, pale dhahabu inapoishia, hutumia dakika 25 hivi. Mjini London, mwezi Juni, safari hiyohiyo huchukua kama dakika 50, kwa kuwa jua la kule hupanda kwa mshazari. Anayesubiri huku saa nzima ya dhahabu anasubiri kitu ambacho latitudo yake haikumpa.

Na msituni hata hizo dakika 25 kwa kawaida si zetu. Chukua uwazi wenye upana wa mita 40, uliozungukwa na miti yenye urefu wa mita 20, nawe umesimama katikati. Ili mwale wa jua upite juu ya vilele na kukufikia miguuni, jua lazima liwe limepanda nyuzi 45. Kwa kasi ya nyuzi 15 kwa saa, hayo ni masaa matatu baada ya macheo. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika ishirini, kutegemea mwezi. Basi jua halitui katika uwazi huo mpaka saa tatu na nusu hivi. Likifika, limeshakuwa kali, linapiga kutoka juu na kuchimba kivuli chini ya nyusi na chini ya pua.

Wengi huona hapo ndipo kazi inapoanzia, maana sasa "kuna mwanga". Kwangu, ndipo inapokwisha. Kabla ya hapo, tangu saa moja na nusu, anga iliyo juu ya ule uwazi imekuwa ikimwaga mwanga wake bila jua lenyewe kuingia. Mwanga huo ni laini, unatosha kabisa kwa kamera za siku hizi, na hubadilika polepole kiasi kwamba mtu anaweza kutulia, kucheka, kujirekebisha kilemba na kusahau kwamba anapigwa picha. Alasiri jambo hilo hurudi kinyumenyume: jua hutoka kwenye uwazi mnamo saa tisa na nusu, na mpaka karibu na saa kumi na mbili unabaki na anga peke yake. Kwa jumla ni masaa manne na zaidi kila siku isiyo na mvua. Nani basi atasema nchi zetu zina mwanga mbaya wa picha?

Zipo sehemu ambako jua la chini hufika kweli. Ukingoni mwa msitu, miti inapopakana na shamba, ziwa au mbuga, hakuna kilele cha kulizuia. Vivyo hivyo katika mashamba ya miti ya kupandwa, kama misindano ya Sao Hill kule Mufindi au mikaratusi ya Karura yenyewe, ambako mashina yamejipanga mbalimbali na chini hakuna vichaka. Humo mwale wa asubuhi hupenya kwa ubavu na kumfikia mtu usoni. Lakini zile dakika 25 zitakwenda mbio, kwa hiyo mtu awe ameshavaa, ameshapakwa, na fundi awe amechagua mahali tangu siku iliyotangulia.

Pia kuna mawingu. Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi huamka chini ya wingu zito la kijivu, na mafundi wengi huahirisha kazi wakingoja jua. Uwanjani wana haki kidogo: mwanga wa wingu unatoka kila upande, hivyo uso unakuwa bapa, hauna shavu wala taya. Ila msituni miti inaukata mwanga huo. Inauzuia pande tatu na kuuachia upande mmoja, na hapo wingu lililokuwa halina mwelekeo linapata mwelekeo. Asubuhi za Julai ndizo ninazozipenda kuliko zote. Unaweza kupiga picha mfululizo tangu saa mbili hadi adhuhuri, na nuru isibadilike.

Sasa huo mwanya. Chini ya msitu wa kitropiki uliofunga, mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa juu inayofika ardhini, na hiyo kidogo inayofika hushuka wima. Mtu akisimama humo, paji la uso na ncha ya pua hupata mwanga, macho hubaki shimoni. Fundi anayeona giza hufikiria kuongeza mwanga kwa flashi, wakati tatizo halikuwa kiasi bali upande. Msogeze mtu huyo mpaka pembezoni mwa njia pana, abaki hatua mbili au tatu ndani, matawi yakiwa bado juu ya kichwa chake, halafu mwambie aitazame njia. Matawi yanazuia mwanga wa juu. Anga iliyo wazi juu ya njia inamwangazia kutoka mbele, na nyuma yake kuna msitu wenye giza la kumtenga. Umbali wa hatua tatu umefanya kazi ambayo taa ya bei kubwa isingeifanya.

Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, aliwapiga picha wateja wake wengi kwa mwanga wa mchana uani, kwa kitambaa kilichotundikwa nyuma yao. Kuta za ua zilizuia pande, anga ilitoa mwanga, na mtu aligeuzwa mpaka uso ukae sawa. Picha hizo leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Anayezitazama kwa makini ataona kwamba mwanga wake una upande, na kwamba hakuna uso uliopaushwa ili uonekane.

Kuna njia rahisi ya kuusoma mwanya kabla ya kumchosha mtu. Kunja ngumi, inyooshe mbele yako kwenye usawa wa uso, kisha zunguka polepole hapo ulipo. Utaona vifundo vya vidole vikipata umbo upande mmoja na kupoteza umbo upande mwingine. Pale vifundo vinapoonekana vizuri, uso nao utaonekana vizuri. Mtu akishasimama, mtazame mboni. Kama ndani ya jicho kuna nukta au ukanda mweupe, huo ndio mwanya wa anga ukijionyesha, na mahali pake jichoni panakuambia unatoka wapi. Kama jicho ni jeusi tupu, usibonyeze. Msogeze, au mwombe akae chini na kuinua uso kidogo nawe ukiwa umesimama. Hapo mwanga wa juu unageuka kuwa mwanga wa mbele.

Mabaka ya jua ndiyo adui anayejulikana na kila mtu, ingawa tabia yake haijulikani sana. Yale madoa mviringo yanayoonekana chini ya miti si maumbo ya matundu ya majani. Ni taswira za jua lenyewe, kila tundu dogo likifanya kazi ya kamera ya tundu. Ndiyo maana jua likipatwa, chini ya mti hujaa vihilali vidogo. Ukubwa wa doa hutegemea umbali wa tundu: tundu dogo lililo mita 20 juu hutoa doa la sentimita 18 hivi, ambao ndio upana wa uso wa mtu kwa kukaribia. Na doa hilo halitulii. Kwa urefu huo, husogea sentimita 8 au 9 kila dakika. Kwa hiyo baka lililoko shavuni sasa litakuwa limeondoka baada ya dakika mbili, na lingine litakuwa linaingia sikioni. Anayelijua hili hana haja ya kugombana na baka wala kuvunja tawi ili kulifungulia njia. Angoje, au ageuke.

Kuhusu kuvunja matawi nitasema wazi kwamba ni haramu ya kazi hii. Karura ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, ina zaidi ya hekta 1,000, na ilikaribia kumegwa viwanja vya majengo. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kumwaga damu walipokwenda kupanda miti kuipinga hatua hiyo. Msitu uliolipiwa hivyo haukatwi tawi kwa ajili ya mwanga wa picha. Tena matawi ndiyo yanayoufanya mwanga huo uwe mzuri.

Mara chache baka la jua ni zawadi. Likitua usoni likafunika macho na mdomo, pima mwanga wa hapo tu na uache msitu wote uingie gizani. Tofauti kati ya baka na kivuli kilicho kando yake inaweza kuwa mara 30 na zaidi, kwa hiyo kila kitu kisicho na jua kitatoweka. Ngozi nyeusi inaimudu kazi hii kuliko nyeupe, kwa kuwa hurudisha mwanga kidogo zaidi na haiungui haraka kwenye picha. Hapo ndipo mpiga picha wa nyuso nyeusi anapokuwa na nafasi ambayo mwenzake hana.

Hilo linatuleta kwenye ngozi yenyewe, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Uso wa mtu mweupe huchorwa zaidi na vivuli: kivuli cha pua, cha taya, cha shingo. Uso wa mtu mweusi huchorwa zaidi na mng'ao, yaani ule mwanga unaoteleza juu ya paji, juu ya mfupa wa shavu, pembeni mwa pua na kwenye mdomo wa chini. Mng'ao ni taswira ya chanzo cha mwanga juu ya ngozi. Chanzo kikiwa kidogo, kama flashi iliyokaa juu ya kamera, mng'ao unakuwa doa kali na jeupe. Chanzo kikiwa kipana, kama anga iliyo juu ya njia ya msituni, mng'ao unatanda, unafuata umbo la mifupa, na rangi ya ngozi inabaki ilivyo katikati yake. Kwa sababu hiyo, ukitaka kumwonyesha mtu mweusi, usimwongezee mwanga bila hesabu. Mtafutie mwanga mpana na umweke upande unaofaa.

Kwa sababu hiyohiyo, poda nyingi ya kuua mng'ao huharibu kazi. Mpambaji akishaufanya uso wote uwe mkavu kabisa, amefuta mistari ambayo mwanga ungeichora. Mafuta kidogo ya nazi kwenye mifupa ya shavu na kwenye mabega, kama nguo inayaacha wazi, husaidia zaidi. Na uso mweusi mbele ya msitu wa giza unahitaji kitu cha kuutenga na mandhari: jua lililo nyuma ya mtu, alasiri, likipita kwenye nywele na kuweka ukingo mwembamba wa nuru begani na shavuni, hufanya hivyo vizuri sana. Nywele fupi za kipilipili hushika ukingo huo kwa namna nzuri ajabu. Kinga lenzi kwa kiganja ili mwale usiipige moja kwa moja.

Picha za rangi hazikuanza zikitufikiria. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha picha iliyo sawa. Mwaka 2021 Google ilianza kuuza simu zenye mpangilio iliouita Real Tone, uliotengenezwa ili ngozi nyeusi zionekane zilivyo, na mwaka 2022 ikatoa kipimo cha rangi za ngozi chenye viwango 10 alichokibuni Ellis Monk, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Hatua hizo ni njema na zilichelewa sana. Lakini hakuna programu inayoweza kumsogeza mtu hatua tatu kuelekea njiani.

Kamera yenyewe bado inadanganyika kirahisi. Kipima mwanga chake hudhani kwamba kila inachokitazama kina weupe wa wastani. Kikiona uso mweusi mbele ya matundu meupe ya anga kati ya majani, hupunguza mwanga, uso ukazama. Kikiona uso mweusi mbele ya vichaka vyenye giza, huongeza mwanga, uso ukapauka. Ni makosa mawili yanayopingana, na chanzo chake ni kimoja. Dawa yake ya zamani ni kiganja. Weka kiganja chako kwenye mwanga uleule unaompata mtu, kielekee ule mwanya, pima hapo tu, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga maradufu. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, vinakaribiana kwa rangi kuliko nyuso zao, na ndiyo sababu kipimo hiki hufanya kazi kwa kila mtu. Ukishapata kipimo, kifunge, na usikibadilishe mpaka mwanga ubadilike. Pia chagua mandhari kwa makini: shina nene au kichaka kizito nyuma ya kichwa ni bora kuliko majani yenye matundu meupe.

Kwa wanaotumia simu, na ndio wengi, gusa uso kwenye kioo, ushikilie mpaka kipimo kifunge, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole mpaka ule mng'ao wa shavuni uonekane vizuri. Zima kipengele cha urembo. Kile cha kutia ukungu nyuma ya mtu nacho hukosea sana msituni, kwa kuwa simu haitofautishi nywele na majani.

Rangi ya kijani inahitaji tahadhari. Majani hula mwanga mwekundu na wa buluu na kuachia kijani zaidi, kwa hiyo kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanga unavyokuwa wa kijani. Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo huonekana hasa kwenye mng'ao, kwa sababu mng'ao huchukua rangi ya mwanga wenyewe, na mtu akaonekana mgonjwa. Piga picha moja ya kwanza ukiwa na karatasi ya kijivu karibu na uso, uwe na kitu cha kusahihishia baadaye. Bora zaidi, usogee kwenye mwanya mkubwa. Udongo mwekundu wa njia za Karura husaidia pia: hurudisha mwanga wenye joto chini ya kidevu na kupunguza kijani. Shati jeupe nalo hurudisha mwanga huko, tena kwa nguvu zaidi, ila hubeba na kijani. Shuka jeupe lililoshikwa kwenye usawa wa kiuno linatosha kabisa kujaza kivuli. Rifleka ya fedha, yaani kirudisha mwanga, msituni ni kali mno na humfanya mtu akunje macho. Na kama mwanga unatoka pande zote mbili, kitambaa cheusi upande mmoja kitairudishia taya umbo lake.

Kazi inayobaki ni ya mezani, na hapo ndipo heshima kwa mtu inapopimwa. Studio nyingi zina mazoea ya kung'arisha uso mpaka mtu apoteze rangi aliyozaliwa nayo, kisha humkabidhi picha kama ya ndugu yake mweupe. Wateja wengine huomba hivyo, nami huwaonyesha kwanza picha ambayo mwanga wake ulikuwa sahihi tangu msituni. Wengi wakiiona, hawaombi tena. Kinachohitaji kurekebishwa mara nyingi ni kijani kidogo tu kwenye vivuli na weupe wa mandhari, si ngozi. Wakati wa kuchapa, ongeza mwanga kidogo, kwa kuwa karatasi haitoi nuru kama kioo cha kompyuta, na ngozi nyeusi iliyopendeza kwenye kioo inaweza kuzama kwenye karatasi. Agiza nakala ndogo kwanza, itazame nje mchana ukiwa na mwenye picha, na akikubali kwamba huyo ni yeye, agiza ile kubwa ya ukutani.